Mgeni Njoo, Klabu Ipone

Leo nataka tuzungumzie mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye filamu tu, au kwenye video fupi za simu: rola dabi. Ukisikia dabi usifikirie mpira wa miguu: Simba na Yanga hawamo katika habari hii. Huu ni mchezo wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, magurudumu manne kila mguu, watu wakizuiana na kusukumana kwa miili. Ulizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1935. Leo unachezwa zaidi na wanawake, na vilabu vyake utavikuta Portland, London, Melbourne; hata Cairo wanawake walianzisha chao mwaka 2012.

Nina neno moja la kusema juu yake, nami nalitanguliza ili tusipoteane njiani. Klabu ya rola dabi ipimwe kwa namna inavyompokea mtu mzima anayeingia mlangoni akiwa hajui hata kusimama juu ya magurudumu. Makombe yaje baadaye.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Sakafuni imechorwa njia ya duara lililorefuka. Kila timu inaingiza watu 5. Wanne ni wazuiaji, na wa tano ni mpenyaji, ambaye utamtambua kwa nyota kubwa pande zote mbili za helmeti yake. Filimbi inalia, wapenyaji wa timu zote mbili wanajitosa kwenye kundi la wazuiaji wakitafuta pa kupita. Aliyepita anazunguka mbio na kulikuta kundi tena kwa nyuma, na kuanzia hapo kila mpinzani anayempita ni pointi 1. Raundi haizidi dakika 2. Timu zinapewa sekunde 30 za kuvuta pumzi na kubadilisha watu, halafu filimbi tena, mpaka dakika 60 ziishe katika vipindi viwili. Unaruhusiwa kumgonga mpinzani kwa nyonga, kwa bega, kwa kifua. Viwiko, ngumi, kichwa na kumsukuma mtu kwa mgongoni ni makosa, na mwenye makosa anakwenda kukaa kiti cha adhabu sekunde 30 huku wenzake wakicheza pungufu.

Sasa jiulize, nani amekulia katika mchezo huu? Mpira wa miguu mtoto anauanza kwa chandimu uchochoroni. Netiboli anaikuta shuleni. Rola dabi haina uchochoro wala shule. Zipo siku hizi ligi za watoto, na ni jambo jema, lakini wengi walioko uwanjani leo walianza wakiwa tayari na kazi, kodi ya nyumba na pengine watoto. Ni wauguzi, walimu, makarani, wanafunzi wa vyuo. Mmoja aliona bango kwenye dirisha la duka, mwingine alivutwa mkono na mfanyakazi mwenzake. Hakuna anayewalipa. Wao ndio wanaotoa ada kila mwezi ili ukumbi ukodishwe na taa ziwake.

Na watu hao huondoka. Mmoja anahamishwa kikazi, mwingine anapata ujauzito, wa tatu goti limekataa. Klabu ikipitisha misimu miwili bila kupokea watu wapya, msimu wa tatu inahangaika kutimiza timu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mchezo huu msemo huo ni hesabu halisi ya watu: asipokuja mgeni, mwenyeji atafunga mlango na kurudisha funguo za ukumbi.

Historia yenyewe inaniunga mkono. Leo Seltzer alipouanzisha mchezo huu katika ukumbi wa Chicago Coliseum, Agosti 1935, zilikuwa mbio za kustahimili. Wanaume kwa wanawake walizunguka siku baada ya siku, wakihesabu maili kana kwamba wanaivuka Marekani nzima. Kugongana kulikuja baadaye, na mwandishi Damon Runyon anatajwa miongoni mwa waliomshauri Seltzer aone kwamba hapo ndipo palipo na utamu. Televisheni ikaubeba, ukapata mashabiki wengi, kisha ukachoka. Mwaka 1973 mwanawe, Jerry Seltzer, aliufunga, siku ambazo bei ya mafuta ilikuwa imepanda na timu zilikuwa zikiishi barabarani. Watu wa televisheni walijaribu kuufufua mara kadhaa, kila mara ukafa tena.

Waliouinua kweli hawakuwa mabingwa. Mwaka 2001, katika mji wa Austin, Texas, mwanamume mmoja aliwakusanya wanawake kwa ajili ya onyesho alilokuwa analiota. Yeye hakudumu, akaondoka, wanawake wakabaki na wazo mikononi. Hawakuwa na kocha aliyeujua mchezo, kwa kuwa mchezo ulikuwa umekufa. Walijifunza kwa kuangushana. Mwaka 2003 sehemu yao, Texas Rollergirls, wakaamua kucheza kwenye sakafu tambarare badala ya ile njia ya zamani ya mbao iliyoinuliwa pembeni. Uamuzi huo ndio uliofungua dunia. Njia ya mbao ni ghali kuijenga na ni mzigo kuihamisha, wakati sakafu tambarare inahitaji kamba iliyofunikwa kwa utepe, ili mguu uuhisi mpaka hata jicho lisipoutazama, na mtu mwenye futi ya kupimia. Kufikia mwaka 2004 vilabu vilishaanza kuungana, na kutoka kwenye muungano huo likatokea shirikisho liitwalo WFTDA, linaloendeshwa na wachezaji wenyewe, ambalo lilikuja kufikisha vilabu zaidi ya 400 duniani. Ukiifuata mizizi ya vilabu hivyo vyote unafika kwenye kikundi cha wanawake wa Texas ambao wote walikuwa wageni wa mchezo kwa siku moja. Kwa hiyo mkongwe anayemkunjia uso mgeni leo amesahau klabu yake ilikotoka.

Nimewahi kukaa kwenye benchi usiku wa wageni katika ukumbi wa namna hiyo, ugenini, na niliyoyaona yamebaki nami. Kwanza ni sanduku. Sanduku kubwa la plastiki, limejaa vifaa vya kuazima: helmeti, kinga za magoti, za viwiko, za viganja, kila kimoja kimeandikwa ukubwa wake kwa kalamu ya wino mzito, vingine vinanuka jasho la watu waliokwishastaafu. Nasema kwa moyo wangu wote, sanduku lile ndilo kiungo muhimu kuliko vyote katika klabu. Seti kamili ya vifaa ni fedha nyingi kwa mtu ambaye hajui kama atarudi wiki ijayo. Kinga ya meno kila mtu anunue yake, hiyo haiazimwi, lakini mengine yote klabu yenye akili inayaweka tayari. Mkongwe anaponunua kinga mpya, zile za zamani anazitia sandukuni. Hiyo ni sadaka inayotembea.

Pili ni somo la kwanza. Nilidhani kocha angeanza kwa kuwafundisha kwenda. Aliwapanga wageni kwenye mkeka, magoti ya wengi yakitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi, akawaambia leo tunaanza kwa kuanguka. Akawaonyesha: unakunja magoti, unashuka mbele juu ya kinga ya goti moja, unajifanya mdogo, mikono unaivuta kifuani na vidole unavifumba ngumi. Kwa nini ngumi? Kwa sababu nyuma yako kuna mtu mwenye magurudumu manane, na vidole vilivyotandazwa sakafuni ni mali yake. Wakaanguka, wakainuka, wakaanguka tena, kwa filimbi, wote kwa pamoja. Dada mmoja wa makamo, aliyeingia akiwa ameshika ukuta, alianguka mara nyingi katika nusu saa ile, na kila mara alikuwa anatii agizo. Hofu yake kubwa ilikuwa kuanguka mbele ya watu, na kocha aliigeuza kuwa kazi ya darasani kabla haijamuaibisha.

Baada ya kuanguka wakaja kwenye kufunga breki: visigino vinafunguka nje, vidole vya miguu vinatazamana, unakaa chini kidogo kana kwamba kuna kiti. Kisha kusukuma, kisha kukata kona mguu mmoja ukivuka mwingine. Kugongana hakukuguswa usiku ule. Mambo ya kugongana ni ya wiki nyingi mbele, na hapa watoto wanatupa mfano mzuri. Shirika linalosimamia rola dabi ya vijana, JRDA, limeugawa mgusano katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza unazuia kwa kukaa njiani tu, hugongi mtu. Ya pili unaegemea kwa mipaka. Ya tatu ndiyo mchezo kamili. Utaratibu huo wa ngazi ungewafaa watu wazima vilevile, na kocha anayewatupa wageni kwenye nyonga za wakongwe mwezi wa kwanza anatafuta mifupa iliyovunjika.

Maana mifupa huvunjika, tusifichane. Kifundo cha mguu kinateguka, muundi unapasuka, kichwa kinaweza kutikisika. Kumtia mtu moyo si kumwambia haitatokea. Mgeni ana haki ya kuelezwa hatari hizo, kuulizwa kama ana bima, na kuonyeshwa kila kifaa kinalinda nini, kabla hajafunga kamba za viatu. Ninavyoona mimi, watu wazima walioelezwa ukweli hurudi kwa wingi kuliko waliobembelezwa.

Sasa niseme juu ya mizunguko 27. Kwa miaka mingi vilabu vingi vilitumia kipimo hiki: mgeni azunguke njia mara 27 ndani ya dakika 5, ndipo ahesabiwe yuko tayari. Piga hesabu, ni mzunguko mmoja kwa sekunde 11 hivi, bila kupumzika. Kama kipimo cha pumzi na mwendo, sina ugomvi nacho. Ubaya wake ulikuja kilipogeuzwa kuwa komeo la mlango. Mtu aliyefikisha 19 mwezi wa kwanza, 22 wa pili na 24 wa tatu anakua mbele ya macho yako, na karatasi mara zote tatu inamwandika ameshindwa. Akiandikwa hivyo mara ya nne hutamwona tena. Kocha mwenye utu humsomea namba zake zote tatu, akamwonyesha zinavyopanda, akamwambia ni kona ipi inamla sekunde. Vipimo vya namna hiyo vipo ili watu wasiumizane uwanjani, na lengo hilo linatimia hata pasipo kumvunja mtu moyo.

Hata hivyo, mahali vilabu vingi vinapopoteza watu si kwenye mtihani. Ni baada yake. Mgeni amefaulu, amepigiwa makofi, wiki inayofuata anahamishiwa mazoezi ya wakongwe. Anafika, hamjui mtu. Kundi lake la wanaoanza limetawanyika. Wakongwe wanaitana kwa majina ya uwanjani asiyoyajua, wanapeana ishara za mkono ambazo hakufundishwa, anagongwa kila raundi, na wakati wa kupumzika anakaa mwisho wa benchi peke yake. Anarudi mara moja tena, halafu anaacha. Klabu inasema hakuwa na moyo wa mchezo. Mimi nasema aliachwa peke yake siku ya tatu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyolelewa, lakini ukimpa jembe unamwonyesha na shamba, tena unalima mstari wa pembeni yake ukiongea naye.

Vilabu vinavyojali humpa kila mgeni dada wa kumwongoza, mkongwe mmoja ambaye kazi yake ni kupokea simu zake, kumweleza ile ishara maana yake nini, kukaa naye benchi. Gharama yake ni sifuri. Kinachotakiwa ni mkongwe akubali kupunguza kidogo mazoezi yake mwenyewe, aache baadhi ya raundi za kuonyesha ubingwa, ateleze taratibu na mtu asiyejua. Si kila mchezaji hodari anaweza hilo, na asiyeweza asilazimishwe. Anayeweza, basi, heshima yake klabuni iwe sawa na ya mpenyaji anayeleta pointi.

Kuna pia wanaoupenda mchezo na hawataki kugongwa. Nafasi yao ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mechi moja inaweza kuwa na waamuzi 7 wanaoteleza, na pembeni yao kundi zima lisilo na magurudumu: wa kushika saa, wa kuandika pointi, wa kuhesabu adhabu, wa kusimamia viti vya waliotolewa. Mgeni aliyeumia, au anayengoja kujifungua, au ambaye bado kona zinamshinda, akipewa kalamu na ubao wa kuandikia anaujifunza mchezo kwa macho, na anakuwa mwenyeji kabla hajacheza raundi hata moja. Rose City Rollers wa Portland, jimbo la Oregon, ambao ni miongoni mwa vilabu vyenye nguvu kabisa duniani, wana ngazi yao iitwayo Wreckers kwa wanaotaka kujifunza na kujifurahisha bila shinikizo la mashindano, na wana Rosebuds kwa watoto. Watu huitaja klabu hiyo kwa ubingwa wake. Mimi naona ubingwa ule umesimama juu ya upana wa chini.

Na miili, ndugu msikilizaji. Dada mnene aliyekuwa akichaguliwa wa mwisho katika kila mchezo wa shuleni, hapa anakuta mwili wake ni ukuta unaotafutwa. Mfupi anapita chini ya mabega ya watu. Mrefu anafunika njia. Niliwaona wakivishana kinga bila mtu kumtazama mwingine tumbo wala mapaja, na nadhani hicho peke yake kinawaleta wengi na kuwafanya wakae.

Lakini kuna makaribisho ambayo bado hayajakamilika, na hapa nawataja ndugu zetu walioko ughaibuni. Rola dabi ya Marekani na Ulaya ni ya wazungu kwa wingi. Wachezaji wa asili nyingine wamelisema hilo wazi na wamejenga timu zao; katika Kombe la Dunia la rola dabi la mwaka 2018 pale Manchester, Uingereza, ilicheza Team Indigenous, timu ya wachezaji wa jamii za wenyeji asilia kutoka nchi mbalimbali. Sasa fikiria binti wa Kikenya au wa Kikongo huko Minneapolis au St. Paul, ambako watu wa Afrika Mashariki ni wengi, na ambako klabu ya Minnesota imekuwepo tangu mwaka 2004. Anafungua mlango, anatupa jicho, hakuna anayefanana naye. Pale pale anaamua kubaki au kugeuza. Jina lake ni Mwanaidi, na mtu wa kwanza kumsalimia akilitafuna jina hilo na kucheka, kazi yote ya bango na matangazo imemwagika. Akiulizwa linatamkwaje, likarudiwa mara mbili mpaka likakaa sawa, atafunga kamba za viatu.

Thamani ya kualika ilionekana pia mwaka 2020, korona iliposimamisha mechi kila mahali, kumbi zikafungwa na wachezaji wakatawanyika. Mwaka huohuo, katika viwanja vya wazi na maegesho matupu, watu wengi wakaanza kuteleza kwa mara ya kwanza, hata viatu vikaadimika madukani. Mechi zilipoanza tena, naamini vilabu vilivyotoka kwenda kuwaalika watu hao viliwapata. Vilivyobaki ndani vikingoja wakongwe warudi vilingoja muda mrefu.

Nyumbani kwetu nawaona vijana wa Nairobi wakiteleza Jumapili katikati ya jiji, wakubwa wakiwashika mikono wadogo. Uzoefu wa kumpokea anayeanza wanao tayari. Siku mchezo huu ukiwafikia, watakachohitaji ni sakafu, kamba, utepe na sanduku la kinga.

Basi nimalize kwa ombi. Wewe uliyeko kwenye mji wenye klabu, ukaambiwa umri umekwenda au mwili haufai, tafuta usiku wao wa wageni, nenda na soksi ndefu, chupa ya maji na kinga ya meno, uombe vya kuazima vingine vyote. Na wewe mkongwe unayenisikiliza, wiki hii zungumza na wenzako mkubaliane nani atakaa mlangoni. Huyo asipewe kazi nyingine usiku huo. Amsalimie kila anayeingia, ajifunze jina lake, amtafutie helmeti inayomtosha, na amkabidhi kwa mtu atakayeteleza naye mpaka taa zizimwe.